Jinsi ya kusoma pesa za fedha za Siam: anza na muhuri wa juu

Wadogo zangu wanaoanza safari za Bangkok kupeleka mawe huniletea swali lile lile: "Dada, nimeonyeshwa zile pesa za zamani za mviringo, nichukue?" Nami huwauliza, umeona mihuri mingapi? Wa juu ni upi, wa mbele ni upi? Wengi hapo hunyamaza, kwa sababu walitazama bei kwanza. Nimeandika hapa yale ninayowaeleza, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe sarafu ikiwa mkononi.

Kazi yangu ni udalali wa vito. Spineli za Mahenge na yakuti za Tunduru huenda kukatwa na kuuzwa Bangkok na Chanthaburi, na anayezifuata huko hujikuta ana siku za kusubiri wanunuzi waamue. Wenzangu siku hizo huzimalizia madukani. Mimi huenda kutazama fedha. Mjomba wangu aliyenilea alikuwa sonara, nimekulia karibu na fuawe lake, na kitu chochote cha fedha kilichofuliwa kwa nyundo hunivuta. Hizi za Siam, yaani Thailand ya zamani, zimenivuta kuliko zote, kwa sababu zinamtaja mfalme bila kuandika herufi hata moja.

Kitu unachokishika

Wathai huziita pod duang. Wafanyabiashara wa Ulaya waliziita pesa za risasi (risasi ya bunduki, si madini), na kile kipimo chake cha kawaida, baht, wao walikiita tikal. Usitarajie kitu bapa. Ni kijiti kinene cha fedha kilichokunjwa katikati hadi ncha zake mbili zikakutana, mfano wa jongoo aliyejikunja baada ya kuguswa. Hakina sura ya mtu, hakina mwaka, hakina neno. Kina mihuri midogo tu iliyogongwa kwa nyundo.

Umbo hilo lilianza enzi za ufalme wa Sukhothai, karne ya 13. Lilipita kwa wafalme wa Ayutthaya kuanzia 1351 mpaka Waburma walipouteketeza mji huo mwaka 1767, likapita kwa Taksin aliyetawala kutoka Thonburi hadi 1782, kisha likahamia Bangkok kwa nasaba ya Chakri ambayo ingali kwenye kiti cha enzi leo. Serikali ilizifuta kabisa mwaka 1904. Simon de La Loubère, mjumbe wa Louis XIV wa Ufaransa aliyefika Siam mwaka 1687, alizieleza kuwa ni kijiti kifupi kilichokunjwa ncha zikalala pamoja, na kwamba zote zina umbo moja, kinachotofautiana ni ukubwa. Mtu aliyeishi Bangkok miaka mia moja na hamsini baadaye angezitambua papo hapo kwa maelezo hayo.

Uzito ndio ulikuwa thamani. Baht moja ni gramu 15 na kitu, kwa kawaida kati ya 15.2 na 15.4 kwa zile za Bangkok ambazo hazijalika sana. Robo yake ni salueng, kama gramu 3.8. Nusu ya salueng ni fueang, kama gramu 1.9. Baht 4 ni tamlueng moja, na tamlueng 20 ni chang moja, yaani baht 80, zaidi ya kilo nzima ya fedha. Jina baht limebaki kuwa pesa ya Thailand hadi leo, na masonara wa Bangkok bado wanapima dhahabu kwa baht, kipande kimoja gramu 15.244. Ukiingia duka la dhahabu pale Yaowarat umeshaingia kwenye hesabu ya pod duang.

Chini ya vipande hivi vya fedha kulikuwa na simbi. Ndiyo, kauri hizi hizi za baharini, na nyingi zililetwa kutoka visiwa vya Maldivi. Kiwango kilichozoeleka kilikuwa simbi 800 kwa fueang moja, yaani 6,400 kwa baht. Mwanamke aliyekwenda sokoni kununua mboga hakushika muhuri wa mfalme, alishika simbi. Pesa ya fedha ilikuwa ya kodi, biashara kubwa, mahari na sadaka za hekaluni. Ndiyo maana ililindwa namna ile.

Igeuze mpaka gurudumu likutazame

Chukua sarafu kwa vidole viwili, sogea penye mwanga wa dirisha, tumia lenzi ya mara kumi ile ile unayotazamia vito. Mwanga uje kwa ubavu, usitoke juu moja kwa moja, maana mihuri iliyolika huonekana kwa kivuli chake. Izungushe polepole. Unatafuta mihuri miwili iliyo kwenye pande mbili zinazopakana: mmoja utaitwa wa juu, mwingine wa mbele.

Tafuta kwanza wa juu. Kwenye pesa za Ayutthaya, Thonburi na Bangkok, huo ni chakra.

Chakra ni silaha ya Vishnu, mungu wa Wahindu mwenye kazi ya kuulinda ulimwengu: gurudumu lenye makali pembezoni, linalorushwa likamrudia mwenyewe. Wathai ni Wabuddha, lakini kiti chao cha enzi kilisimikwa kwa taratibu za Kibrahmani ambazo nyingi zilipitia kwa Wakhmer wa Angkor (Kambodia ya leo), na makuhani wa Kibrahmani wanashiriki sherehe za kutawaza hadi leo. Mfalme alitazamwa kama Vishnu aliyeshuka duniani. Ayutthaya ilipewa jina la Ayodhya, mji wa Rama, na Rama ni Vishnu katika mwili wa binadamu. Mfalme wake wa kwanza alijiita Ramathibodi. Kwa hiyo chakra iliyogongwa juu ya fedha haikuwa pambo. Ilisema kwamba uzito huu na usafi huu vinalindwa na yule anayeilinda dunia isivurugike.

Mwaka 1782 maana hiyo iliongezewa nyingine. Jemadari aliyechukua ufalme na kuhamishia makao ng'ambo ya mto, Bangkok, alikuwa na cheo cha Chao Phraya Chakri. Nasaba yake ikaitwa Chakri, na nembo yake ikawa chakra iliyopishana na mkuki wa ncha tatu, silaha ya Shiva, mungu mwingine wa Wahindu. Tangu hapo chakra ya juu ya sarafu ilisema mambo mawili kwa pigo moja: huyu ni mlinzi kama Vishnu, na hii ni nyumba ya Chakri.

Namna ilivyochongwa pia inakusaidia kujua zama. Chakra nyingi za Ayutthaya ni vitone tu: kimoja katikati, vingine vimekizunguka. Ukiona hivyo usidhani ni ua. Chakra za Bangkok zina umbo la gurudumu kamili, na ndani yake kuna mapanga yaliyopinda kana kwamba linazunguka. Ninayemfundisha humpa karatasi achore anachokiona kabla sijamwambia kitu. Mkono unaochora hauwezi kuruka kitone.

Pesa za Sukhothai ziko nje ya kanuni hii. Wakati huo utengenezaji haukuwa umefungwa mikononi mwa mfalme, mihuri ni ya kila aina, wakati mwingine zaidi ya miwili kwenye kipande kimoja, na madini yenyewe mara nyingi yamechanganywa. Tundu linalobaki katikati ya mkunjo ni kubwa, unaweza kupitisha uzi mnene. Ni nzuri kutazama, lakini anayeanza asianzie hapo.

Muhuri wa mbele: jina la mfalme likiwa picha

Hapa ndipo penye raha yote, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu.

Muhuri wa juu ni wa kiti. Wa mbele ni wa mtu anayekikalia. Mfalme akibadilika, chakra inabaki, muhuri wa mbele unabadilika. Na wafalme wa Bangkok walichagua mihuri yao kwa kuyageuza majina yao kuwa picha, kwa hiyo ukiwajua watano unaweza kusoma karibu kila pod duang ya Bangkok utakayoonyeshwa.

Wafalme wa Chakri huhesabiwa kwa jina la Rama. Rama I, yule jemadari, aliyetawala 1782 hadi 1809, alianza na mkuki wa ncha tatu. Shida yake ni kwamba Taksin wa Thonburi naye alitumia mkuki wa ncha tatu, kwa hiyo kipande chenye chakra na mkuki kinataka jicho la mtu aliyebobea kabla hujasema ni cha mfalme yupi. Baada ya sherehe kamili za kutawazwa mwaka 1785, Rama I akaja na unalom: msokoto unaoinuka na kuchongoka juu kama mwali, uliozungukwa na mapambo. Unalom unahusishwa na jicho la tatu la Shiva, lile la kipaji cha uso. Kwa lenzi utaona kitu kinachofanana na kome iliyosimama wima. Mnunuzi asiyejua huita "konokono" na kuendelea mbele. Asiendelee, huyo ndiye mwasisi wa nasaba.

Rama II, 1809 hadi 1824, jina lake la kuzaliwa ni Chim, na Chimphli ni makao ya Garuda. Basi muhuri wake ni Garuda: nusu ndege nusu mtu, mbawa zimekunjuliwa, ndiye kipando cha Vishnu. Ona jinsi mihuri miwili inavyozungumza hapa. Juu kuna silaha ya Vishnu, mbele kuna ndege anayembeba Vishnu. Sijaona sarafu ya nchi yoyote iliyosema kitu kikubwa hivyo ndani ya nafasi ndogo hivyo. Mara nyingi kichwa cha Garuda kimelika, kwa hiyo tafuta mabega na mbawa.

Rama III, 1824 hadi 1851, jina lake ni Thap, lenye maana ya makazi. Muhuri wake ni prasat, jumba la kifalme lenye vilele vilivyochongoka. Huyu alitawala wakati biashara ya merikebu na China ikiwa imeshamiri, na pesa zake zipo kwa wingi. Alitoa pia vipande vya ukumbusho vyenye mihuri mingine kwa ajili ya matukio ya kifalme: jani la bael (mti wa matunda wa Asia), mzinga wa nyuki, kichwa cha mshale. Jani la bael lina sehemu tatu kwenye kikonyo kimoja, na hizo tatu hufananishwa na mkuki wa Shiva, ndiyo sababu lina nafasi katika ibada za Kibrahmani. Ukiona jani, usiseme ni la muhuri ulioharibika. Kaa nalo.

Rama IV, 1851 hadi 1868, ndiye Mongkut, na mongkut ni taji. Muhuri wake ni taji refu lililochongoka, lile la kutawazwa. Hili ndilo utakaloonyeshwa mara nyingi kuliko yote. Alitoa pia pod duang za dhahabu.

Rama V, Chulalongkorn, mwana wa Mongkut, alichukua taji dogo la kichwani kwa wana wa kifalme, phra kiao. Baba taji, mwana taji dogo. Kufikia wakati wake mashine zilishaanza kutengeneza pesa bapa, kwa hiyo pod duang zake ni za ukumbusho na si za sokoni. Miongoni mwake kuna zenye vijitawi vya ua la ramphoei, kwa heshima ya mama yake, Debsirindra, aliyeitwa Ramphoei. Mtu akikwambia ana mfuko mzima wa pod duang za Rama V, zilizotoka kwa bibi yake mwenye genge la mboga, mshukuru uende zako.

Za Ayutthaya ni habari nyingine. Utakutana na kome, tembo, ua la yungiyungi, Garuda na mengine mengi, na kwa mihuri mingi kati ya hiyo wataalamu wenyewe hawafungi muhuri mmoja kwa mfalme mmoja. Wanazipanga kwa umbo: ukubwa wa tundu, urefu wa miguu (zile ncha mbili zilizokunjwa), aina ya chale (mikato ya patasi). Muuzaji anayekutajia jina la mfalme wa Ayutthaya bila kusita anauza hadithi. Kome hata hivyo isikupite. Katika sherehe za kifalme Wabrahmani hupuliza kome, na maji ya kumtawadha mfalme humiminwa kutoka kwenye kome, kwa hiyo hapo muhuri unasema utawazo.

Soma nyundo na chale

Ukimaliza mihuri, rudi kwenye mwili wa sarafu. Hapa jicho la sonara lina faida kuliko la dalali.

Fundi aliyeyusha fedha iliyopimwa kwa kipande kimoja, akaimimina kwenye kalibu iliyozamishwa majini, ikaganda ikiwa na umbo la yai jembamba. Kisha akaigonga ikajikunja, akagonga ncha mbili zikaingia ndani na kukutana. Mwisho akagonga mihuri. Wakati wa kugonga muhuri, sarafu iliwekwa juu ya mfupa wa mguu wa tembo, kwa kuwa chuma cha fuawe kingeponda alama iliyokwishagongwa. Mjomba wangu angeipenda sana habari hiyo. Naye alikuwa na gogo lake la mninga kwa kazi ile ile, kushikilia kitu bila kukiumiza.

Kwa hiyo sarafu halali ina kumbukumbu ya nyundo. Ubavuni utaona nyuso bapa ndogo ndogo, kila moja pigo. Kwenye mkunjo fedha imevutwa, pengine ina mikunyanzi au nyufa nyembamba. Pale miguu inapokutana utaona madini mawili yaliyobanwa, hayakuyeyushwa yakawa kitu kimoja. Kwa za Ayutthaya za mwanzo tundu lipo, na kadiri miaka ilivyokwenda lilizidi kuwa dogo. Kwa za Bangkok miguu imegandamana, tundu limekwisha au limebaki kijishimo.

Chale ni jambo la pekee la Ayutthaya. Fundi alikata kwa patasi ili kila mtu aone kwamba ndani pia ni fedha, na si shaba iliyopakwa. Za mwanzo zina mikato mikubwa ya wazi. Baadaye mikato ilipungua, na mahali pake utaona vijidomo vidogo ambavyo Wathai huviita chembe za mchele. Kwa kipande cha Ayutthaya, mahali pa kwanza pa kupeleka lenzi ni ndani ya mkato: rangi ya chini iwe ile ile ya juu. Ukiona wekundu, weka chini.

Kipande kilichomiminwa kwenye kalibu ya udongo kwa kuiga hakina hayo. Uso wake una vitundu kama vya mkate, mihuri yake ni laini pembeni kama sabuni iliyotumika, na pengine kuna mstari mwembamba wa kalibu ambao mtu amejaribu kuusugua. Muhuri uliogongwa una kingo kali, na fedha iliyosukumwa imepanda kidogo kuuzunguka. Kwenye vipande vidogo, fueang na chini yake, muhuri mara nyingi haukukaa wote. Hilo ni la kawaida.

Maji hayadanganyi

Mzani wako wa karati unafaa, mradi usome hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu kavu. Tuseme umepata gramu 15.20. Weka glasi ya maji juu ya mzani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini bila kugusa chini wala pembeni, usome. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa 15.20 kwa namba hiyo.

Fedha tupu ni 10.49. Shaba ni 8.96, risasi ni 11.34. Kwa sarafu ya gramu 15.20 yenye fedha nzuri utasoma kama 1.46 hadi 1.48. Shaba iliyopakwa fedha itakupa karibu 1.70, na risasi kama 1.34. Tofauti hizo si ndogo, mzani wa kawaida wa dalali unaziona.

Jihadhari na hewa. Pod duang za Bangkok zimebana, na kipovu kikijificha katikati ya miguu kitaifanya sarafu ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Tia tone moja la sabuni ya maji, izungushe ndani ya glasi mpaka vipovu vitoke, ndipo usome. Fanya mara mbili tatu, namba zikikubaliana umemaliza.

Sumaku inakwambia tu kwamba hakuna chuma. Kuing'ata au kuiangusha mezani usikie mlio ni mambo ya sinema, na mlio wa kitu kilichokunjwa haufanani na wa sarafu bapa hata kikiwa fedha tupu.

Na tafadhali usiisafishe. Najua sisi kwetu kitu cha fedha kikiwa cheusi tunachukua ndimu na majivu, au ukwaju, tunasugua mpaka king'ae. Kwa bangili ya kuvaa, sawa. Kwa pod duang utakuwa umefuta kivuli kile kinachosaidia kuona chakra. Ule weusi ndani ya muhuri ndio unaouonyesha muhuri.

Ukiletewa bapa

Wakati mwingine muuzaji atatoa kwenye kitambaa kisarafu chembamba cha fedha, bapa, na kusema ni cha zamani zaidi. Huenda ni kweli. Karne nyingi kabla ya Sukhothai, bonde la mto Chao Phraya lilikuwa na miji ya Dvaravati, ya Wamon, watu wa kale wa huko wenye dini ya Buddha, nao waligonga sarafu za fedha zenye alama. Upande mmoja mara nyingi kuna kome, upande wa pili kuna srivatsa, alama ya mungu wa kike Sri, mwenye neema na ufalme. Kuna nyingine zenye jua linalochomoza, chungu kilichojaa, ng'ombe na ndama wake. Zile za jua zimepatikana kutoka Burma hadi Oc Eo kusini mwa Vietnam, na zimepatikana pia zikiwa zimekatwa vipande, dalili kwamba watu walizitumia kulipa kwa uzito.

Chungu kilichojaa na ng'ombe anayenyonyesha vinasema kitu kimoja: mfalme mwema huleta mvua, maziwa na mavuno. Mwaka 1943 huko Nakhon Pathom zilipatikana sarafu mbili za fedha chini ya mnara wa Kibuddha, zenye maneno ya Kisanskriti yanayotaja tendo la thawabu la bwana wa Dvaravati. Kwa sarafu hizo jina la ufalme, lililokuwa likijulikana kutoka kwa waandishi wa China, likapata ushahidi wa ardhini. Wafalme wale waliweka fedha chini ya mnara ili kupata thawabu, na hilo linakwambia kwa nini alama zao ni za heri na si za vita.

Kwa anayenunua, shauri langu kuhusu bapa hizi ni fupi: tazama, jifunze, usinunue bila mtaalamu. Ni nyembamba, zinaigwa kirahisi, na nyingi zimetoka ardhini bila ruhusa.

Kwa nini ziliisha, na namna ya kumtambua Mongkut wa pande zote mbili

Mwaka 1855 Siam ilitia sahihi mkataba na Uingereza ulioletwa na Sir John Bowring. Merikebu za kigeni zikamiminika, na wageni wakaleta dola za fedha za Mexico ambazo watu wa kawaida hawakuzitaka. Dola 3 zilihesabiwa baht 5. Mongkut aliamuru dola hizo zigongwe chakra na taji ili zikubalike, lakini watu bado walitaka pesa waliyoizoea, na mafundi wa nyundo hawakuweza kutosheleza. Mwaka 1857 ikaja mashine ndogo ya mkono, zawadi ya Malkia Victoria, na mwaka 1860 mtambo wa mvuke uliotengenezwa Birmingham ukaanza kazi ndani ya eneo la kasri. Mwaka 1862 simbi nazo zikaondolewa njiani na sarafu za bati.

Tafuta, kama unaweza, baht bapa ya Mongkut uiweke kando ya pod duang yake. Taji ni lile lile, sasa liko katikati ya miavuli ya kifalme yenye matabaka. Upande wa pili kuna tembo, na tembo huyo amesimama ndani ya chakra. Muhuri uliokuwa juu kwa mamia ya miaka umetanuka ukawa fremu ya upande mzima. Sura ya mfalme haikuingia mpaka mwaka 1876, kwa Chulalongkorn.

Kabla hujalipa

Nenda kwanza ukazione zilizo halali. Bangkok ina Jumba la Makumbusho la Sarafu la Idara ya Hazina, kule Phra Nakhon, na makumbusho ya Benki ya Thailand kule Bang Khun Phrom. Asubuhi moja hapo itakufaa kuliko maelezo yangu yote. Ukitoka, ndipo uende soko la hirizi la Tha Phra Chan, kando ya mto, ambako meza za sarafu zimechanganyika na sanamu ndogo za Buddha. Nenda na karatasi uliyochorea mihuri. Muuzaji akiona unageuza kutafuta chakra kwanza, mazungumzo hubadilika.

Omba ruhusa kabla ya kupima kwa maji. Anayejua mali yake hukubali. Asiyekubali, mwachie mali yake kwa heshima, mpe mkono, ondoka. Bei ijadiliwe baada ya uzito kuandikwa.

Halafu kuna sheria, na hapa nazungumza na nyinyi mnaopita uwanja wa Suvarnabhumi na mabegi ya mawe yenye karatasi zake zote. Kutoa vitu vya kale Thailand kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa, chini ya sheria ya mwaka 1961. Uliza kuhusu kipande chako kabla ya kukinunua, muuzaji mkongwe anajua utaratibu, na akisema "weka tu mfukoni" hiyo ni sababu ya kutonunua. Leseni yako ya vito ina thamani kubwa kuliko baht moja ya Mongkut.

Ukishakipata kwa njia safi, kiweke kwenye pakiti ya karatasi, si ya plastiki laini, na juu yake andika uzito mkavu, uzito wa majini, muhuri wa juu, muhuri wa mbele, mahali na tarehe ya kununua. Mchoro wako wa mkono uuweke humo humo.